Nani Anastahili Bamba la Shaba Nashville?

Jijini Nashville, katika jimbo la Tennessee, kuna ukumbi wa duara ambao kuta zake zimepambwa kwa mabamba ya shaba. Kila bamba lina sura ya mtu, jina lake na maneno machache kuhusu kazi aliyoifanya. Huo ndio Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Country. Anayeingizwa humo amepigiwa kura na jopo lililoteuliwa na Chama cha Muziki wa Country, kilichoundwa mwaka 1958. Kila mwaka majina mapya yanapotangazwa, ubishi unaanza: kwa nini huyu, kwa nini si yule, na kwa nini wamechelewa hivyo.

Ubishi huo unafika hadi Kenya, ambako muziki huu una wapenzi wa vizazi vitatu sasa. Wapo waliorithi kwa wazazi wao santuri za Jim Reeves na kanda za Don Williams, na wapo vijana wanaoshika gitaa na kutunga nyimbo zao kwa mtindo huo huo. Nimezikusanya hapa sauti za watu wa aina tatu ambao husikika sana katika mabishano haya: mtangazaji mstaafu wa redio, binti anayepiga gitaa na kutunga nyimbo mjini Nakuru, na mwalimu wa historia kutoka Kericho. Ya nne ni yangu, na sitajifanya mwamuzi asiyeegemea upande, kwa sababu upande ninao.

MTANGAZAJI: Nianze mimi kwa kuutetea Ukumbi, maana naona nimezingirwa. Heshima ikigawiwa kila mtu haina thamani tena. Kwa kawaida huingizwa watatu kwa mwaka. Msanii wa zama za karibuni lazima iwe imepita miaka ishirini tangu ajulikane Marekani nzima. Wa zama za kale, miaka arobaini. Wanaopiga kura hawatajwi majina, wasije wakaandamwa na kampuni za santuri. Kundi la kwanza, la mwaka 1961, lilikuwa la watu watatu tu: Jimmie Rodgers, Hank Williams na Fred Rose. Wangeweza kuanza na kumi wakapigiwa makofi.

MPIGA GITAA: Na wote watatu walikuwa marehemu, Mzee. Rodgers alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1933 akiwa na miaka 35. Hank alifariki siku ya mwaka mpya wa 1953 akiwa na miaka 29. Rose alifuata mwaka 1954. Wa kwanza kuingia akiwa hai aliingia mwaka uliofuata, 1962, naye ni Roy Acuff. Kwa hiyo Ukumbi ulianza kwa kuwaenzi wasioweza kusikia wakishukuriwa, na sidhani kama tabia hiyo umeiacha.

MTANGAZAJI: Lakini mtazame huyo Fred Rose, binti yangu. Umati haukumjua. Alikuwa mtunzi na mchapishaji wa nyimbo. Alianzisha kampuni ya Acuff-Rose mwaka 1942 na akamsaidia Hank kuzisafisha tungo zake. Basi usiseme watunzi wamesahauliwa, wakati mmoja wao aliingia siku ya kwanza!

MPIGA GITAA: Siku ya kwanza mlango ulifunguliwa vizuri, nakubali. Tuangalie ulivyo sasa. Kila mwaka kuna nafasi moja ya zama za karibuni na moja ya zama za kale. Ya tatu inazunguka baina ya watunzi, wanamuziki wa studio na ziara, na watu wa kazi za nyuma ya pazia. Maana yake mtunzi ambaye si mwimbaji maarufu anasubiri zamu inayokuja mara moja katika miaka mitatu, kisha anashindania kiti kimoja na watunzi wa miaka sabini. Chukua mfano ambao kila Mkenya mpenda country ataushika. Don Williams aliingizwa mwaka 2010. Bob McDill, aliyemwandikia "Amanda", "Say It Again" na "Good Ole Boys Like Me", aliingizwa 2023. Miaka kumi na mitatu imewatenganisha mtu na maneno yaliyompa jina! Kenny Rogers aliingia 2013, Don Schlitz mtunzi wa "The Gambler" akaingia 2017. Schlitz aliuandika wimbo huo akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, anafanya zamu ya usiku kwenye chumba cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Hapa kwetu utamkuta dereva wa lori anaujua wimbo huo wote kwa moyo. Ukimuuliza nani aliutunga, atakwambia Kenny Rogers.

MTANGAZAJI: Nami redioni nilisema "wimbo wa Kenny Rogers" miaka yote, wala sikumdhulumu mtu. Msikilizaji anashika sauti. Mtunzi ana malipo yake ya aina nyingine, nayo ni mirabaha. Tazama alivyofanya Dolly Parton. Elvis Presley alitaka kurekodi "I Will Always Love You", na meneja wake, Tom Parker, akadai nusu ya haki za uchapishaji. Dolly alikataa. Whitney Houston alipouimba mwaka 1992, fedha zilimwendea yeye aliyeukataa mkono wa Parker. Kuna bamba gani la shaba linalozidi hapo?

MPIGA GITAA: Dolly anaimba, Mzee. Uso wake unajulikana duniani, na Ukumbi ulimwingiza mwaka 1999. Mimi namzungumzia mtu kama Cindy Walker, mwanamke aliyeketi kwake huko Texas akiandikia wengine nyimbo. "Distant Drums" ya Jim Reeves ni yake. Reeves alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1964, wimbo ukashika namba moja Uingereza mwaka 1966, na watu wakazidi kumlilia Reeves. Reeves yumo Ukumbini tangu 1967. Walker alingoja hadi 1997. Angalau alifika akiwa hai. Boudleaux Bryant hakufika. Yeye na mkewe Felice ndio waliotunga "Bye Bye Love" ya Everly Brothers. Alifariki mwaka 1987, na walipoingizwa mwaka 1991 Felice alikuwa mjane. Mirabaha ni ujira wa kazi, na mtu hupewa ujira hata kwa kazi ambayo hakuna aliyeishukuru. Sisi tunaotunga tunajua tofauti yake.

MWALIMU: Mnabishana vizuri, lakini nyote wawili mnaanza kuhesabu pale mkataba ulipotiwa sahihi. Mimi nawarudisha nyuma ya mkataba. Mwaka 1927, mjini Bristol, Tennessee, mtayarishaji wa rekodi Ralph Peer alirekodi katika majuma yale yale Jimmie Rodgers na familia ya Carter. Carter ni nguzo, hakuna anayekataa. Waliingizwa mwaka 1970. Sasa nyimbo zao zilitoka wapi? A.P. Carter alizunguka milimani kuzikusanya, na kuanzia mwaka 1928 hivi alifuatana na mpiga gitaa mweusi aitwaye Lesley Riddle, ambaye alikuwa amepoteza mguu katika ajali kiwandani. Wakifika kwenye nyumba ya mtu, Carter aliandika maneno, Riddle akaishika lahani kichwani. Wakirudi, Riddle aliifundisha familia. Maybelle Carter, ambaye upigaji wake wa gitaa umeigwa na maelfu, alijifunza mengine kwa kumtazama Riddle. Kwenye santuri jina lililoandikwa ni A.P. Carter.

MPIGA GITAA: Na mirabaha ikafuata jina.

MWALIMU: Ilifuata jina. Kwa hiyo, Mzee, ile hoja kwamba mtunzi analipwa kwa fedha inasimama kwa Dolly, inaanguka kwa Riddle. Nasi tusijione hatuhusiki. Wimbo wa "Malaika" tumeubishania toka enzi, wengine wakisema Fadhili William, wengine Adam Salim, na wageni waliourekodi wakapata sifa zao. Tunajua jinsi karatasi inavyomjua mtu mmoja na watu wakamjua mwingine.

MTANGAZAJI: Riddle hakuachwa gizani kabisa. Maybelle mwenyewe ndiye aliyemwelekeza Mike Seeger hadi akampata, miaka ya 1960, na Seeger akamrekodi.

MWALIMU: Ndiyo, na hiyo ni heshima ya kweli, iliyotoka kwa mwanafunzi kumwendea mwalimu. Shaba lakini hakupata. Wala hakuipata Rufus Payne, mzee mweusi wa Alabama aliyemfundisha Hank Williams gitaa Hank akiwa mtoto. Payne alikufa maskini mjini Montgomery mwaka 1939. Mwanafunzi wake yumo katika kundi la kwanza kabisa. Wala Arnold Shultz wa Kentucky, ambaye Bill Monroe alimtaja kama mmoja wa waliomfunza muziki alipokuwa kijana. Monroe yumo tangu 1970.

MPIGA GITAA: Huyo Shultz nina deni naye. Upigaji wa kidole gumba kinachotembeza besi huku vidole vingine vikiimba ulipita kwake, ukafika kwa wapigaji wa Kentucky hadi kwa Merle Travis. Nikiusikia nashtuka, kwa sababu ni jirani sana na namna Mwenda Jean Bosco wa Katanga alivyopiga, aliyesikika Afrika Mashariki yote.

MWANDISHI: Naomba niingie hapa, kwa sababu kuna mtu mmoja ambaye habari zake ndizo zilizonifanya nichague upande. DeFord Bailey alizaliwa Tennessee mwaka 1899, akaugua polio utotoni, akakua mdogo wa umbo, na akawa bingwa wa harmonika asiye na mfano. Wimbo wake wa garimoshi, "Pan American Blues", unaufanya mdomo wa mtu utoe mlio wa injini, reli na king'ora kwa pamoja. Desemba 1927, katika redio ya WSM, George D. Hay alimtambulisha Bailey mara baada ya kipindi cha muziki wa opera kutoka New York, na usiku huo huo kipindi chao kikapata jina la Grand Ole Opry. Mwaka 1928 Bailey alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kurekodiwa Nashville. Ndiye nyota mweusi wa kwanza wa kipindi kilichoujenga mji huo. Akisafiri na wenzake weupe, jukwaani alishangiliwa, na usiku ukiingia alitafutiwa pa kulala kwingine, kwa sababu hoteli zao zilimkataa.

Mwaka 1941 alifukuzwa. Wakati huo vituo vya redio vilikuwa vikigombana na chama cha watunzi kuhusu malipo, nyimbo zake zilizozoeleka zikazuiwa hewani, na jambo hilo likatumika kumtoa. Miaka michache baadaye Hay akaandika kitabu cha historia ya Opry ambamo alimwita mvivu. Mvivu! Mtu ambaye kwa miaka iliyobaki ya nguvu zake aling'arisha viatu vya watu katika kibanda chake mjini Nashville, mji ule ule. Hay aliingizwa Ukumbini mwaka 1966. Bailey alifariki Julai 1982. Aliingizwa mwaka 2005.

Sasa Mzee akiniambia kwamba Ukumbi una subira, namwomba aitazame hiyo miaka thelathini na tisa baina ya aliyefukuza na aliyefukuzwa. Mwaka 1966 Bailey alikuwa hai, anapatikana, anapiga harmonika yake akiombwa. Hakuna ushahidi mpya uliokuwa ukisubiriwa. Kila kitu alichofanyia kazi kilikuwa kimekwisha kufanyika mwaka 1941.

MTANGAZAJI: Hilo linaniuma, nalo sitalitetea. Ila usiihukumu taasisi kwa ukuta mmoja. Charley Pride, mtoto wa wakulima wa pamba wa Mississippi, aliingizwa mwaka 2000 akiwa hai, na alikuwa amepewa tuzo ya Mburudishaji wa Mwaka ya chama hicho hicho mwaka 1971. Mwaka 1998 taasisi ya Ukumbi ilishiriki kutoa mkusanyo wa diski tatu kuhusu watu weusi katika country, nao akina Bailey wamo. Ndani ya makumbusho kuna mchoro mkubwa wa Thomas Hart Benton kuhusu chimbuko la muziki huu. Mchoraji alikufa mwaka 1975 kabla hajautia sahihi. Humo kuna mtu mweusi anapiga banjo. Anayeingia anauona.

MWALIMU: Anamwona mtu asiye na jina. Banjo ilitokana na ala za watumwa waliotoka Afrika Magharibi, hilo halina ubishi tena. Kwenye mchoro mtu mweusi anawakilisha chimbuko, kwenye shaba wenye majina ni wengine. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, Mzee. Kuhusu Pride, kumbuka pia kwamba santuri zake za kwanza, mwaka 1966, zilipelekwa redioni bila picha yake. Walitaka sauti ipendwe kabla rangi haijajulikana.

MWANDISHI: Na Ray Charles? Albamu yake ya mwaka 1962 ilizipeleka nyimbo za Don Gibson na Cindy Walker kwa watu ambao wasingenunua santuri ya country maishani mwao. Yumo katika kundi la 2021. Alikuwa amefariki mwaka 2004.

MTANGAZAJI: Basi nikubali kwamba tatizo ni saa. Walio wengi wanaingia, ila wanachelewa.

MPIGA GITAA: Na wanawake wanachelewa zaidi. June Carter Cash alitunga "Ring of Fire" pamoja na Merle Kilgore, na alikuwa jukwaani tangu mtoto. Johnny Cash aliingizwa mwaka 1980. June alifariki 2003, akaingizwa 2025. Miaka hiyo yote alihesabiwa kama mke wa mtu.

MTANGAZAJI: Lakini pia kuna bahati mbaya isiyo na mwenye kosa. Toby Keith alichaguliwa katika kura iliyofungwa siku chache kabla hajafa, Februari 2024. Hakupata kuambiwa.

MWANDISHI: Hakupata kuambiwa, ingawa alikuwa ametangaza kuugua saratani tangu mwaka 2022. Sidai kwamba ugonjwa uwe tiketi. Nadai kwamba taasisi inayochagua watu wazima wa umri ule iwe na haraka ya kibinadamu.

MWALIMU: Niwape mfano wa haraka iliyokosekana na wa deni lililolipwa hata hivyo. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, nyumbani kwetu upande wa Kericho, akarekodi Wakipsigis wakiimba "Chemirocha". Santuri za Jimmie Rodgers zilikuwa zimefika kwa gramafoni za wageni, na jina lake likaingia kwenye midomo ya wasichana wetu, likawa Chemirocha, kiumbe ambaye Tracey alielezwa kuwa ni nusu mtu nusu swala. Sijui kama kuna mwanamuziki wa Ukumbi ule aliyepata kuenziwa namna hiyo, kuingizwa ndani ya wimbo wa watu ambao hata hawakuifahamu lugha yake. Naye Rodgers mwenyewe alikuwa amejifunza blues kwa vibarua weusi wa reli, na mwaka 1930 akarekodi na Louis Armstrong. Sauti ilitoka kwa Waafrika, ikapita kwake, ikarudi kwa Waafrika. Rekodi za Kapkatet zikasambaa duniani, na waimbaji hawakuwa nazo. Mwaka 2015 maktaba ya muziki ya Tracey, pamoja na watu wa mradi wa Singing Wells, walizirudisha kijijini. Mmoja wa walioimba mwaka 1950 alikuwa bado hai, akasikia.

MTANGAZAJI: Hilo sikulijua, Mwalimu. Alisikia mwenyewe?

MWALIMU: Mwenyewe, pamoja na watoto wa wenzake. Miaka sitini na mitano ilipita, lakini waliosafiri walijua wanamtafuta nani na wakauliza nani yuko hai. Ukumbi wa Nashville una bajeti kubwa na watafiti wengi kuliko wale. Waulize swali hilo hilo kila mwaka kabla ya kura.

MPIGA GITAA: Wakiuliza mapema wangesikia jina la Linda Martell. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la Grand Ole Opry, mwanamke mweusi wa kwanza kuimba hapo peke yake. Albamu yake ilitoka 1970, kisha milango ikafungwa, akarudi South Carolina. Mwaka 2024, akiwa na miaka 82, sauti yake ilisikika kwenye albamu ya country ya Beyoncé. Kundi la 2025 lilipotangazwa hakuwemo.

MTANGAZAJI: Albamu moja, binti yangu. Hapo ndipo nitakapokwama daima. Charley Pride alikuwa na nyimbo kadhaa za namba moja. Ukimweka aliyetoa albamu moja kwenye ukuta huo huo, utamwambia nini aliyetumikia miaka arobaini?

MPIGA GITAA: Nitamwambia kwamba yeye aliachwa atumikie.

MWANDISHI: Hapo Mzee ana hoja nzito, na jibu la binti ni zito vilevile, kwa hiyo nitaje ninalolitaka mimi. Zamu za kiti cha tatu ziishe. Mtunzi awe na kiti chake kila mwaka, kama mwimbaji. Pili, kiwepo kiti cha walimu na waliozuiwa, kisichopimwa kwa idadi ya santuri, kwa sababu kumpima mtu kwa santuri alizonyimwa ni kumwadhibu mara ya pili. Riddle, Payne, Shultz na Martell waingie kwa mlango huo, na bamba liseme waziwazi walimfundisha nani au nani aliwafungia.

MTANGAZAJI: La watunzi nalipigia kura leo. La pili naliogopa, maana mtazuka na majina mia.

MWALIMU: Yakizuka mia, yaandikwe mia. Bamba la Hank liko pale tangu mwanzo, na Payne alimfundisha kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Nani anasubiri nini?

MTANGAZAJI: Wanasubiri wazee kama mimi tukubali, nadhani. Payne nampa kura yangu. Martell, nipeni albamu yake kwanza niisikilize yote, upande wa kwanza na wa pili, kisha tuonane.